Kabla Hajashika Chombo: Kumfundisha Mwanafunzi wa Ufundi Usalama na Afya Kazini

Ajali ikitokea karakanani, kabla hata vumbi halijatulia utasikia mtu akisema, "Ajali haina kinga." Nimefundisha ufundi miaka mingi na kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Mara ya mwisho tulikuwa tumesimama mbele ya grenda ambayo kinga yake ilikuwa imefunguliwa na kuwekwa juu ya kabati, imeota vumbi la wiki kadhaa. Ajali ile ilikuwa na kinga. Tuliifungua wenyewe, kwa sababu ilikuwa inatuchelewesha.

Siku hizi msemo huo ni marufuku katika darasa langu. Mwanafunzi akiutamka, anaandika ukurasa mmoja akieleza kinga ilikuwa ipi na nani aliiondoa.

Mwongozo huu ni wa wakufunzi wenzangu wa fani yoyote: useremala, umeme, magari, ushonaji, upishi, saluni, maabara, hata kazi za ofisini. Shirika la Kazi Duniani (ILO) linakadiria kuwa karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi, na wengi wao hawafi kwa kuanguka au kukatwa na mashine. Wanakufa kwa maradhi yaliyowaingia polepole kazini. Nako Toronto, Kanada, watafiti waliochambua taarifa za majeruhi wa kazini waligundua kwamba mtu aliye katika mwezi wake wa kwanza kazini huumia karibu mara 3 zaidi ya aliyekaa hapo zaidi ya mwaka. Mwanafunzi wako akitoka chuoni, mwezi huo wa kwanza ndio unaomsubiri. Kwa hiyo somo hili halifai kuwa sura ya mwisho ya kitabu, wala hotuba ya siku ya kwanza inayosahaulika kufika siku ya tatu. Linafundishwa kwa viungo vitatu vya mwili: macho, mikono na mdomo. Cha mwisho ndicho tunachokisahau.

Hatua ya 1: Kagua karakana kabla hujamkagua mwanafunzi

Mwana hutazama kisogo cha nina, na mwanafunzi hutazama mikono ya mwalimu. Ukimhubiria habari za miwani saa nzima, kisha ukachomelea ncha moja "haraka tu" huku umefumba macho na kugeuza uso, somo atakaloondoka nalo ni lile la sekunde tatu za mwisho.

Jioni moja kabla ya muhula kuanza, ingia karakanani peke yako na daftari. Vitufe vya kuzimia mashine kwa dharura usiviangalie tu, vibonyeze uone kama mashine inazima kweli. Kwenye mashine ya kunolea, pima nafasi kati ya jiwe na kiegemeo: isizidi milimita 3, maana ikiwa pana zaidi, chuma kinaweza kuvutwa kikabanwa hapo na jiwe likapasuka. Angalia mshale wa kila mtungi wa kuzimia moto kama bado uko kwenye kijani. Fungua sanduku la huduma ya kwanza. Usishangae ukikuta mkasi wenye kutu na plasta mbili zisizonata. Hakikisha soketi zinalindwa na kile kifaa kinachokata umeme pale unapovuja, chenye kiwango cha miliampia 30, na ubonyeze kitufe chake cha majaribio.

Milango uimalizie. Mwaka 1911 jijini New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua na watu 146 wakafa, wengi wao wasichana wadogo. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ukikuta maboksi ya stoo yamepangwa mbele ya mlango wa dharura, usimtume mtu kesho. Yaondoe jioni hiyohiyo.

Kasoro usizoweza kuzirekebisha usizifiche. Ziandike, mpe mkuu wa chuo nakala, na mashine yenyewe itie kufuli pamoja na karatasi inayosema kwa nini imefungwa. Wanafunzi wakikuta mashine moja imefungwa kwa kasoro, wameshajifunza jambo ambalo mabango kumi ya ukutani hayawezi kuwafundisha.

Hatua ya 2: Fundisha macho

Katika mazungumzo yetu ya kila siku neno moja, hatari, linabeba mambo mawili, na mwanafunzi huyachanganya. Yatenganishe mapema. Kihatarishi ni kitu au hali yenye uwezo wa kudhuru. Hatari ni uwezekano wa dhara hilo kutokea, pamoja na ukubwa wake likitokea. Tindikali ya betri ndani ya chupa iliyofungwa kabatini, na tindikali hiyohiyo ndani ya kikombe kilichowekwa ukingoni mwa meza: kihatarishi ni kilekile, hatari si ileile. Mwanafunzi akilielewa hili, ataacha kukujibu kwamba "umeme ni hatari" na kuona amemaliza kazi.

Kisha watoe nje ya vitabu. Zoezi ninalolitegemea zaidi ni ramani ya vihatarishi. Wagawe wawili wawili, wape karatasi kubwa na kalamu za rangi, wachore sakafu ya karakana ilivyo: meza, mashine, milango, nyaya. Halafu wazunguke dakika 20 wakitia alama. Nyekundu ni kwa vitu vinavyokata, kubana au kuangusha. Bluu kwa kemikali, vumbi na moshi. Kijani kwa umeme na moto. Njano kwa kelele, joto na mkao mbaya wa mwili. Nyeusi kwa yanayoumiza akili, kama haraka isiyo na sababu, matusi na usiku wa manane. Wakirudi, bandika ramani zote ukutani. Usianze kusahihisha. Waulize kwanza kwa nini kikundi kimoja kimeona waya uliochubuka na kingine kimeuruka bila kuuona. Mara nyingi jibu ni kwamba wale wa pili wameuzoea.

Utagundua pia kwamba rangi ya bluu na ya njano hutumika kidogo sana. Vijana huona kisu, hawaoni vumbi. Hapo ndipo inapoingia ramani ya pili, ya mwili. Chora umbo la mtu mbele na nyuma, kisha mwalike fundi mkongwe mmoja au wawili waje watie alama mahali wanapoumwa. Fundi wa magari atagusa kiuno na magoti. Mshonaji atagusa shingo na macho. Msusi atagusa mabega na ngozi ya vidole. Daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini, aliyechapisha kitabu cha maradhi ya wafanyakazi mwaka 1700, aliwahimiza madaktari wenzake wamuulize mgonjwa swali moja la ziada: kazi yako ni ipi? Mwanafunzi akiiona ramani hii ya mwili ikijaa alama, hahitaji kuelezwa kwa nini aliulizwa hivyo.

Kila fani ina adui wake asiyeonekana, na ni wajibu wako kumtaja kwa jina. Mchomeleaji anayetazama mwanga bila ngao haumii papo hapo. Anarudi nyumbani mzima, na saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, macho yanakuwa kama yametiwa mchanga. Anayechomelea mabati yaliyopakwa zinki hutoa moshi unaoleta homa jioni na kuondoka baada ya siku moja au mbili, naye akadhani alikuwa na mafua. Vumbi la mawe na zege hubeba silika, yaani chembe ndogo za madini ya mawe, na silika haitoki mapafuni ikishaingia. Anayesafisha vyoo au jiko akachanganya dawa ya kung'arishia yenye klorini na dawa ya tindikali, ametengeneza gesi ya klorini ndani ya chumba alichomo. Ukiacha gesi hiyo inayochoma papo hapo, haya mengine yana sifa moja: maumivu huja baada ya kazi, hayaji wakati wa kazi. Mwambie mwanafunzi hivyo waziwazi, kwa sababu akili yake imejengwa kuamini kwamba kisichouma hakidhuru.

Kuhusu lebo za kemikali sitasema mengi. Mfumo wa kimataifa una alama 9, zote ndani ya mraba wenye mpaka mwekundu uliosimama kwa ncha. Zifundishe kwa chupa halisi za stoo yako badala ya picha, na mwiko uwe mmoja: hakuna kumimina kemikali kwenye chupa ya maji ya kunywa au soda, hata kwa dakika tano.

Hatua ya 3: Ngazi, na kwa nini glavu ziko chini kabisa

Muulize mwanafunzi yeyote atajikingaje, atakujibu glavu, miwani, kofia ngumu. Hajakosea, ila ameanzia mwisho. Wataalamu wa fani hii hupanga hatua za kudhibiti katika ngazi tano: kuondoa kihatarishi kabisa, kukibadilisha kwa kisichodhuru sana, kukitenga na mtu kwa kinga, uzio au feni ya kufyonza, kupanga utaratibu wa kazi, zamu, mafunzo na mabango, na mwishoni kabisa, vifaa kinga anavyovaa mtu. Kadiri unavyoshuka, ndivyo usalama unavyomtegemea zaidi mwanadamu asisahau, asichoke na asione joto. Na mwanadamu husahau, huchoka na huona joto.

Ngazi hii haieleweki kwa kukaririwa. Chukua tatizo moja na ulishushe daraja kwa daraja mbele yao, kuanzia juu. Mimi hutumia kusafisha vipuri kwa petroli, kwa kuwa kila karakana ya magari imewahi kufanya hivyo.

Je, kipuri hiki kinahitaji kuoshwa kwa kimiminika, au kuparuza na kufuta kunatosha? Kama kunatosha, kihatarishi kimeondoka. Kama lazima kioshwe, kuna dawa ya maji ya kuondoa grisi inayoweza kufanya kazi hiyo bila mvuke unaolipuka? Kama hakuna, tunaweza kuoshea ndani ya beseni lenye mfuniko, kwenye eneo lenye feni inayovuta mvuke kuupeleka nje, mbali na anayechomelea? Halafu utaratibu: nani anaosha, kwa muda gani, petroli kiasi gani inaruhusiwa kutoka stoo, na matambara yaliyolowa yanatupwa wapi. Baada ya hapo ndipo tunazungumzia glavu, na hapo tena kuna mtego, maana glavu za pamba hunyonya petroli na kuishikiza kwenye ngozi. Barakoa ya kitambaa nayo haizuii mvuke hata kidogo. Mvuke huhitaji barakoa yenye kichujio cha kaboni. Kifaa kinga kisichofaa ni kibaya kuliko kukosa kifaa, kwa sababu kinampa mtu ujasiri asiostahili kuwa nao.

Mfano wa pili uwe wa kifaa kinga kinachoua. Glavu kwenye keekee ya umeme ya mezani, au kwenye mashine yoyote inayozunguka, hunaswa na kuuvuta mkono mzima. Niliwahi kumwona kijana mmoja mtiifu, aliyekwisha kuambiwa "vaa glavu kila wakati", akiikaribia keekee na glavu zake nzito. Tulimwahi. Kosa halikuwa lake, lilikuwa la sisi tuliomfundisha kuvaa kabla ya kumfundisha kufikiri.

Kelele nazo zifundishe kwa hesabu, vijana huipenda. Kiwango kinachotumiwa sana na wataalamu ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu na muda salama hupungua nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2. Huna kipimo? Simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako. Ukilazimika kupaza sauti ili akusikie, kelele imezidi.

Hatua ya 4: Mikono, mpaka iwe mazoea

Kuna mambo mtu hawezi kuyafikiria wakati yanapotokea. Lazima mikono iwe inayajua tayari. Chagua machache ya fani yako na uyarudie kila mwezi. Usijaribu kufundisha kila kitu.

La kwanza kwa karibu kila fani ni kufunga nishati kabla ya kutengeneza au kusafisha mashine. Mpe kila mwanafunzi kufuli lake na ufunguo wake mmoja, pamoja na kadi yenye jina lake. Utaratibu ni huu: waarifu wanaoitumia mashine, izime, kata umeme, hewa au mafuta kwenye chanzo, tia kufuli lako na kadi, ondoa nishati iliyobaki, kisha jaribu kuiwasha ili uhakikishe haiwaki. Kama watu watatu wanaitengeneza, makufuli yawe matatu, na hakuna anayefungua la mwenzake, awe bosi au nani. Sehemu ya nishati iliyobaki ndiyo inayorukwa sana. Springi iliyobanwa, hewa ndani ya mtungi, umeme uliohifadhiwa ndani ya kapasita, gari lililonyanyuliwa: vyote hivyo vinangoja. Kwa mafundi magari nina sentensi moja ambayo kila mmoja lazima aijue kabla hajaingia chini ya gari: jeki hunyanyua, stendi hubeba.

Ngazi ya kupandia nayo ina kanuni fupi ya nne kwa moja: ikiwa inaegemea ukuta kwenye urefu wa mita 4, miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani. Na mpandaji awe na viungo vitatu vimeshika au kukanyaga wakati wote.

Kisha dharura. Mwenzako akinaswa na umeme, mkono wako usimguse kabla swichi kuu haijazimwa. Aliyeungua amwagiwe maji yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta ya aina yoyote. Jichoni kukiingia kemikali, ni maji mengi mfululizo, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, huku mwingine akitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Mafuta yakishika moto kwenye sufuria, zima jiko na ufunike. Maji huzama chini ya mafuta, yanageuka mvuke papo hapo na kuyarusha yakiwaka. Tindikali ikichanganywa, tia tindikali kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali.

Haya usiyaeleze tu. Tega saa, wafanye. Mara ya kwanza darasa langu lilipofanya zoezi la kutoka nje kwa kengele, wawili walirudi ndani kuchukua simu zao. Kwa maneno nisingewahi kulijua hilo.

Hatua ya 5: Mdomo

Sasa tumefika mahali ambapo mafunzo mengi huishia bila kufika.

Tunawalea vijana kwa methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali nzuri, ila kazini kuna siku anayelisikia ndiye huvunjika. Mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo ndiye mdogo kuliko wote mahali pale. Anatafuta alama nzuri, labda na ajira. Akiambiwa panda, atapanda. Anaweza kuwa na macho makali na mikono iliyofunzwa vizuri, lakini kama hawezi kusema sentensi moja mbele ya mtu mzima, vyote hivyo ni bure. Kwa hiyo sentensi hiyo tunaifanyia mazoezi kama tunavyofanya mazoezi ya kuchomelea.

Weka viti viwili mbele. Mmoja awe msimamizi, mwingine mwanafunzi. Msimamizi asiwe mtu mbaya. Wasimamizi wengi si wabaya, wana haraka. Mazungumzo yaende kama hivi:

"Kijana, hebu njoo uniwashie msumeno huo, ukate mbao hizo upesi."

"Sawa fundi, kazi nitaifanya. Ila msumeno wa aina hii sijafundishwa, na naona kinga yake haipo."

"Ah, kinga inasumbua hiyo. Wenzako wanautumia hivyohivyo miaka yote."

"Nimekuelewa fundi. Naomba tuirudishe kinga, unioneshe mara moja nikikutazama, halafu na mimi nikate ukinitazama. Wakati huo naweza kuzipima na kuzipanga mbao zote ziwe tayari."

Tazama alichokifanya. Hakukataa kazi, alikataa namna. Alitaja alichokiona, akaomba kitu mahususi, akajitolea kazi nyingine. Heshima imebaki mahali pake na kidole nacho kimebaki mahali pake. Rudieni zoezi hili mara kadhaa, kila mara msimamizi akiongeza shinikizo: akicheka, akifoka, akisema "mnafundishwa uoga huko chuoni." Mfundishe pia sentensi ya mwisho, ya pale ambapo hatari ni kubwa na hasikilizwi: "Samahani, hili silifanyi mpaka mwalimu wangu ajue." Kisha apige simu. Na wewe upokee.

Mpe na msingi wa kisheria, ili ajue kwamba haombi hisani. Mkataba wa ILO namba 155 wa mwaka 1981 unasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu za msingi za kuamini kuwa uhai au afya yake iko kwenye hatari kubwa ya papo hapo, alindwe asiadhibiwe. Mkataba huohuo unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi fedha, na unataka masuala haya yafundishwe katika ngazi zote za elimu na mafunzo. Yaani somo unalolifundisha limetajwa humo. Mwaka 2022 ILO iliingiza mazingira salama na yenye afya ya kazi miongoni mwa haki za msingi kazini. Tafuta sheria ya nchi yako inasemaje na uisome darasani, ibara kwa ibara.

Lakini usiwadanganye kwamba mdomo unatosha. Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza nchini Bangladeshi. Benki na maduka ya chini yakafungwa. Kesho yake washonaji wa viwanda vya juu waliamriwa warudi kazini, ingawa wengi waliogopa na walisema wanaogopa. Jengo likaanguka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Macho yaliona na midomo ilisema. Kilichokosekana ni mwenye mamlaka wa kusikia. Hadithi hii waeleze hasa wale wanafunzi unaoona watakuwa wasimamizi.

Jambo jingine la hatua hii, linaloachwa kwa aibu: udhalilishaji. Mwanafunzi anayetomaswa au kutukanwa kazini hayuko salama, hata akiwa amevaa kofia ngumu. Mkataba namba 190 wa mwaka 2019 unahusu ukatili na unyanyasaji kazini na unawagusa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo pia. Liseme mbele ya wote, wavulana na wasichana, na utaje mtu wa kumwendea. Na wakati uko hapo, agiza ovaroli na glavu za vipimo vidogo. Msichana anayekunja mikono ya ovaroli kubwa mara tatu amevaa kihatarishi.

Hatua ya 6: Daftari la nusura

Nusura ni ajali iliyokosea shabaha. Nyundo iliyoanguka sentimita chache kutoka kwenye mguu, waya uliotoa cheche, mtu aliyeteleza akajishika. Weka daftari moja mlangoni. Kila nusura iandikwe siku hiyohiyo: nini kilitokea, wapi, kingeweza kuleta nini. Jina si lazima.

Kila Ijumaa soma tatu, na mzichimbue kwa kuuliza "kwa nini" mpaka mfike kwenye kitu kinachoweza kubadilishwa. Alikuwa mzembe? Hilo si jibu, endelea kuuliza. Kwa nini sakafu ilikuwa na mafuta? Chombo kinavuja. Kwa nini hakijabadilishwa? Hakuna aliyepewa kazi ya kuvikagua. Haya, nani anakagua kuanzia Jumatatu?

Onyo moja: siku utakayomwadhibu mtu kwa alichokiandika humo, daftari litakuwa safi mpaka mwisho wa mwaka, na utajidanganya kwamba mambo yametulia.

Hatua ya 7: Kabla ya kumkabidhi kwa mwajiri

Nenda ukaone mahali penyewe. Simu haitoshi. Uliza nani atamsimamia, na mtu huyo awe na jina. Kubalianeni kwa maandishi kazi ambazo hatazifanya kabisa, zipi atafanya akisimamiwa, na nani atatoa vifaa kinga. Aliye chini ya miaka 18 ana ulinzi zaidi: mikataba ya ILO inataka kazi za hatari zisifanywe na watoto, na nchi nyingi zina orodha ya kazi hizo. Itafute.

Mwanafunzi mwenyewe aende na maswali matano ya siku ya kwanza: nani msimamizi wangu? Mashine zipi siruhusiwi kugusa? Mlango wa dharura na mahali pa kukusanyika viko wapi? Sanduku la huduma ya kwanza liko wapi na nani anajua kulitumia? Nikiumia au nikiona kasoro, namwambia nani? Jioni ya siku hiyo akutumie majibu. Asiyekuwa na majibu yote matano, umfuate kesho yake asubuhi.

Namna ya kupima

Mtihani wa maandishi hupima kumbukumbu. Mimi huandaa meza ya kazi yenye kasoro sita nilizozipanga: waya uliochubuka, chupa isiyo na lebo, kinga iliyolegea, na nyingine zinazobadilika kila mwaka. Mwanafunzi hupewa dakika 5 na agizo la kuanza kazi. Anayetaja kasoro zote kisha akaanza kazi bila kuzirekebisha hufeli. Anayetaja nne, akasimama na kusema "sianzi", hufaulu. Wapo wanaolalamika kwamba si haki. Mimi huwajibu kwamba msumeno nao hautoi alama za nusu.

Wakirudi kutoka kazini, keti nao saa moja na uwaulize swali hili: ni jambo gani tulilokufundisha hapa ambalo kule wanalicheka? Majibu ndiyo mtaala wangu wa muhula unaofuata. Mwaka jana wengi walitaja makufuli. Walisema kule hakuna hata moja. Sasa kila anayeondoka anaondoka na la kwake mfukoni.